Mahali pa Kulaza Mtoto

Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na ushei mchana, ardhi ya Kalemie ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa 6.8, lenye kitovu chini ya ziwa letu la Tanganyika, liliangusha nyumba na kupasua kuta nyingi, na jua lilipozama watu walikuwa wamehamia nje. Nakumbuka magodoro kando ya barabara, akina mama wameketi juu ya masanduku yao, wanaume wakibishana kama inafaa kurudi ndani kuchukua sufuria. Baba yangu alifika kutoka kambi ya wavuvi, suruali yake ikiwa bado inachuruzika maji. Hakushughulika na ufa wa ukuta. Aliuzunguka ua mara mbili, akautazama mwembe, akautazama ukuta wa jirani, kisha akalala chali juu ya udongo mtupu, mikono kifuani, kama mtu anayepimwa sanda. Akainuka, akasogea hatua nne, akalala tena. Mara ya tatu alibaki chini muda mrefu. Halafu akaupiga udongo kwa kiganja.

"Hapa," alisema. "Leteni watoto."

Watoto wangu, mmoja wa miaka sita na mdogo wake wa miaka minne, walilala pale usiku nne mfululizo. Ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, na mimi sikupata usingizi. Wao walilala hadi jogoo.

Kulala nje ni ufundi kama kusuka wavu au kuchonga mtumbwi. Una kanuni zake, una mabingwa wake, na una watu ambao hawataujua hata wakilala nje mwaka mzima. Tumezoea kumsifu fundi anayeacha kitu nyuma yake: kiti, mlango, mashua. Fundi wa kambi haachi kitu. Asubuhi anafukia majivu, anakunja turubai, na mahali alipolaza watu ishirini panabaki mchanga tu. Labda ndiyo sababu hatumtaji.

Baba aliujifunza ufundi huo kwenye fukwe za Tanganyika. Wavuvi wetu wa taa huvua ndagala na mikebuka usiku wa giza, maana samaki hufuata mwanga wa taa pale tu mwezi unapokosekana. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi. Basi siku hizo wavuvi hubaki nchi kavu, wakaziba matundu ya nyavu na kuanika walichovua, na ndizo siku ambazo sisi watoto tulipelekwa kambini. Tulikwenda kwa furaha ya mbalamwezi na samaki wa kuchoma. Tulirudi tumefundishwa, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba tuko shuleni.

Jiwe la figa halitolewi majini. Jiwe lililokaa ziwani limekunywa maji, na likipashwa moto hupasuka likarusha vipande machoni mwa mpishi. Njia ya kiboko hailaliwi, hata ikiwa laini namna gani, kwa sababu kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia ileile, na hapishi mtu. Moto wa jioni huwashwa mapema pale pale patakapolaliwa, kisha makaa yanahamishwa, mchanga unapekuliwa kwa jembe mpaka cheche ya mwisho itoke, na mkeka unatandikwa juu ya joto lililobaki. Mtaro huchimbwa hata kama mbingu ni nyeupe. Watoto hulala katikati, wakubwa pembeni, miguu yote ikielekea motoni. Na kamba ya turubai hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa siku dhoruba ya ziwa itakapokuja usiku hutakuwa na muda wa kutafuta kisu.

Lakini kanuni kubwa ya Baba ilikuwa ile ya kulala yeye kwanza. Alisema macho ya mtu aliyesimama hayaoni kitu. Ukilala ndipo unapojua kwamba kuna mzizi chini ya ubavu, kwamba upepo unapita usawa wa shingo, kwamba siafu wamo, kwamba ardhi inainama kidogo upande wa kichwa na mtoto ataamka na maumivu. Hakuna mtoto, alisema, anayelazwa mahali ambapo mwili wa mkubwa haujapakubali.

Mwaka 2015 binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita, na alirudi kutoka shule na ramani. Alitaka kujua kwa nini ziwa kubwa hivi, lenye mito mingi inayoingia, lina mto mmoja tu unaotoka, na kwa nini mto huo utokee kwetu. Mimi ni mwalimu, nikamjibu ninavyojua. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kama mvuke juani, na kinachozidi ndicho kinachopita Kalemie kwa mto Lukuga kwenda Lualaba. Wazungu wenyewe waligombana juu yake: Cameron alipita hapa mwaka 1874 akasema ndio mlango wa ziwa, Stanley akaja 1876 akakuta umezibwa na matete na mchanga, asikubali kwamba maji yanatoka. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likabomoa kizuizi, likashuka kwa nguvu.

Nikamweleza pia habari ya kaskazini. Zamani maji ya nchi ya Kivu yalikuwa yanaelekea upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka, lava yake ikafunga bonde kama boma. Maji yakapanda nyuma ya boma hilo mpaka yakapata upenyo kusini, na kwa miaka elfu kumi hivi sasa yanateremka kwa mto Ruzizi kutoka Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460, hadi ziwa letu ambalo liko karibu mita 700 chini yake. Milima ile isingemwaga moto, maji ya Kivu yasingefika kwetu, na Lukuga huenda isingekuwa mto tunaoujua.

Baba alikuwa anasikiliza huku anaparua samaki. "Basi twende," alisema, "tukamwone anayetuletea maji."

Kiangazi kile tukaenda, watu watano: Baba, mimi na mwenzangu, na watoto wawili. Tulichukua turubai, sufuria mbili, unga wa bukari, chumvi, ndagala wakavu, blanketi, na bidoni ya lita ishirini. Boti ya mizigo ilitufikisha Uvira. Toka pale tulipanda kando ya Ruzizi kupitia Kamanyola na kona za Ngomo, ambapo dereva wetu alinyamaza na abiria wote wakanyamaza pamoja naye, mpaka Bukavu. Kisha meli ya Kivu hadi Goma. Safari hiyo ina hadithi zake, lakini naipita, kwa sababu ninachotaka kusimulia kilitokea nchi kavu, juu ya mawe meusi.

Goma imejengwa juu ya lava na kwa lava. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, moto ukashuka kupitia katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tulipofika, miaka kumi na mitatu baadaye, watu walikuwa wameyavunja mawe yale kwa nyundo wakajengea kuta, nyua na misingi. Huko nilisikia yakiitwa makoro. Baba aliokota moja, akaligeuza, akaona limejaa vitundu kama mkate. Akalinusa. "Hili halijanywa," alisema kwa furaha, na jioni hiyo aliweka mafiga matatu ya makoro. Hakuna lililopasuka.

Dada yangu mdogo ameolewa huko, upande wa magharibi ya mji, njia ya kwenda Sake. Wakwe walitupa nyumba, lakini Baba aliomba shamba, kwa kuwa tulikuja kulala nje. Mama mkwe wa dada yangu akakubali, ingawa nadhani aliona ajabu kwamba wageni wakatae kitanda. Upepo wa jioni ulikuwa baridi kuliko tulivyozoea. Baba akazunguka shamba lile kama kawaida yake. Chini kidogo, kati ya migongo miwili ya lava, palikuwa na kibonde kizuri: majani laini, kuta za mawe pande mbili, upepo haufiki. Kwenye fukwe zetu pangekuwa pa kugombaniwa. Akashuka, akavua kofia, akaanza kujilaza.

"Mkwe! Inuka! Inuka hapo!"

Msomaji anayejua adabu za kwetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Mkwe hampazii mkwe sauti. Kwa kawaida mama yule alizungumza na Baba akitazama pembeni, kwa sauti ya chini, akipitisha maneno kwa dada yangu. Sasa alikuwa anakimbia juu ya mawe, kitenge kimemfunguka, akipiga kelele kama anayefukuza mbuzi. Baba aliinuka. Mama akamshika mkono (jambo lingine lisilofanywa) na kumvuta mpaka juu ya mgongo wa lava, kwenye upepo.

"Hapo kuna mazuku," alisema, na baada ya hapo hakuweza kuendelea.

Mazuku ni neno linalojulikana na kila mtoto wa upande ule. Chini ya ardhi ya Virunga hutoka hewa ya ukaa, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi wala haina harufu. Kwa uzito wake inatiririka kama maji hadi mabondeni na kutuama. Mchana upepo na jua huitawanya. Usiku ukitulia hujikusanya, ikajaa kibonde taratibu, na aliyelala humo haamki. Aliyesimama anaweza asihisi kitu, kwa sababu kichwa chake kiko juu yake, lakini mbuzi aliye chini, mbwa, mtoto, wanazama. Kijana mmoja wa pale alituonyesha ndege mdogo na mijusi waliokufa katikati ya yale majani mazuri. Nikamwuliza kama taa ingetuonya. Alisema usiitegemee: mwali ukizimika, wewe umekwisha kuchelewa.

Nimekifikiria kibonde kile mara nyingi. Kila alichofanya Baba kilikuwa sahihi. Alitafuta kinga ya upepo, akapata ardhi laini, akajilaza yeye kabla ya wajukuu. Ufundi wa miaka hamsini ulimwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye mdomo wa kaburi, na ile kanuni yake kubwa, ya kuteremsha mwili ili ujue ardhi, ndiyo ingekuwa njia ya kufa. Upepo, ambao ufukweni ni adui wa mtoto aliyelala, huku ndio mlinzi wake.

Jambo ninalomsifia Baba zaidi lilitokea baada ya hapo. Alikaa kimya kidogo. Kisha akamgeukia mama mkwe, akapiga goti moja, akasema, "Mkwe, nifundishe." Alikuwa na miaka sitini na minne, mzee wa kambi anayefuatwa na vijana wanaotoka fukwe za mbali kuja kumwuliza, na alipiga goti mbele ya watoto wetu. Mama akamfundisha. Alimwonyesha mahali ambapo majani yanakauka bila sababu. Alimwambia angalia mahali mbuzi wanapokataa kulala. Alimwambia asubuhi na mapema ni mbaya kuliko usiku wa manane, na kwamba siku isiyo na upepo huongezwa tahadhari. Wakazunguka pamoja hadi giza likaingia, yeye mbele, Baba nyuma, binti yangu na kakaye mdogo nyuma yao. Tulilala juu ya mgongo wa lava, upepo ukitupiga usiku kucha, turubai likilia kama tanga. Nilitetemeka kwa baridi na nikashukuru kwa kila mpigo.

Siku ya tatu tulipanda Nyiragongo. Njia huanzia Kibati, karibu mita 2,000, na kufika ukingoni kwenye mita 3,470: kilomita nane hivi, kwanza msituni, halafu juu ya mawe yanayoteleza chini ya kiatu, mwisho kati ya lobelia kubwa zinazosimama kwenye ukungu kama watu wanaongoja basi. Mlima huu hauna kisima. Lava yenye vitundu hunywa mvua yote. Kwa hiyo maji yalipandishwa mgongoni, na makaa ya kupikia pia, na walioyapandisha ni wapagazi ambao Baba aliwatazama siku nzima kwa heshima kubwa. Aliona jinsi wanavyofunga gunia ili lisicheze. Aliona kwamba kwenye kituo cha mapumziko hawaketi mara moja, wanasubiri jasho lipoe kwanza. Askari wa hifadhi alipoinua mkono, sote tulisimama, na Baba alikuwa wa kwanza kusimama.

Juu kulikuwa na vibanda vidogo vya kulala, vimefungwa imara dhidi ya upepo. Giza lilipoingia tulikwenda ukingoni. Shimo lina upana unaopita kilomita moja, na chini kabisa lilikuwapo ziwa la lava, jekundu, limepasuka nyufa zinazofunguka na kufunga, likivuma kama mawimbi ya Tanganyika wakati wa pepo za kusini. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi, inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja, likashuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Nililijua hilo, nikawa nimemshika mwanangu ukosi wa koti bila kujitambua.

Baba alitazama muda mrefu. Halafu akamwuliza kiongozi wetu, "Wewe, mwenyeji, unalala wapi huku?" Kiongozi akamwonyesha pembe moja ya kibanda, upande unaopata hewa mbali na moshi wa shimo. Baba akaenda akajilaza pale, akainuka, akasema kwa watoto, "Hapa." Nilitambua kwamba kanuni yake ilikuwa imeongezeka neno moja mbele: uliza, kisha lala.

Hivi ndivyo ufundi unavyokua, na ndiyo sababu sipendi unapoitwa mchezo wa watalii. Katika jimbo letu neno kambi lina uchungu. Mwaka 2017, vita kati ya Watwa na Waluba vilipowasukuma maelfu ya watu hadi Kalemie, familia zilijenga vibanda vya majani na kulala ardhini miezi mingi. Nilimkuta Baba kwenye kambi ya Katanika, katikati ya watu waliokimbia, akiwa na jembe. Hakuwa na chakula cha kugawa. Alikuwa anauliza wakulima wa karibu maji ya mvua hupita wapi, kisha anawaonyesha akina baba mahali pa kuhamishia kibanda, na wapi pa kuchimba mtaro. Mvua zilipokuja nilikwenda kutazama. Vibanda alivyovihamisha vilikuwa vikavu ndani.

Na tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipomwaga tena moto hadi pembezoni mwa Goma, na siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihame, dada yangu alipiga simu kutoka Sake. Umati ulikuwa umejaa kila mahali, watu wamelala makanisani, shuleni, barabarani. Nilimwuliza watoto wako wapi. Alisema wamelala. Mama mkwe alikuwa amewauliza kwanza watu wa Sake mabonde ya mazuku yako upande gani. Kisha, mbele ya umati wote, alijilaza chali juu ya mawe, mikono kifuani, akainuka, akasogea, akajilaza tena.

Njia ile ya safari yetu vita vimeifunga, na tangu 2021 vibanda vya juu ya Nyiragongo havipokei wageni. Baba bado yuko nasi, hapa karibu na Lukuga, na mwezi ukipevuka bado tunawachukua watoto ufukweni. Turubai ni lile lile, lenye matundu saba ya cheche.

Amani itakaporudi, nawe msomaji ukaamua kuwapeleka wanao kuona nchi ya moto, nenda. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yatatosha. Usichague mahali pa kulala baada ya jua kuzama. Na popote kaskazini ya Kivu utakapopenda kibonde chenye majani laini na kisicho na upepo, simama juu yake na umwite mwenyeji.